TUSIDAI STESHENI KILA KATA

Hotuba juu ya reli ya umeme, iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Nyabusozi

Tumeambiwa tuseme habari za reli. Tulipolitaja jambo hili juzi, wengine walicheka. Walisema, "Reli gani? Tangu kuzaliwa kwetu hatujasikia mlio wa gari la moshi hapa Nyabusozi. Afadhali mtuambie habari za mbegu na mbolea." Kicheko hicho tumekipokea. Lakini tunawaomba mtuvumilie, maana tunayo maneno mawili. La kwanza mtalipenda. La pili huenda mkatuzomea, nasi tutasimama hapa hapa mpaka mmalize kuzomea.

Kwanza tuitazame safari yetu wenyewe. Mwenzetu akiandikiwa barua ya kwenda Muhimbili, au kijana akiitwa chuoni Dar es Salaam, hutoka hapa kwa pikipiki mpaka barabara kuu, akiwa na begi mgongoni na kuku mkononi. Hapo hungoja basi litokalo upande wa Ngara. Likija, kama lina nafasi, hupanda. Na kuanzia hapo ni Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, zaidi ya kilometa 1,200, amekaa kiti kimoja, magoti yamegusa kiti cha mbele. Mgonjwa aliyeondoka hapa akitembea, hufika huko miguu imevimba na hawezi kuvaa viatu. Sisi tumeipita njia hiyo mara nyingi tulipokuwa chuo cha ualimu, tukiwa vijana wenye nguvu, na tunakiri kwamba siku ya kwanza baada ya kufika hatukufaa kwa masomo wala kwa jambo lingine lolote.

Sasa tazameni lililotokea Dodoma. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mwezi wa Julai mwaka ule ule ikafika Dodoma. Ni treni inayoweza kwenda kilometa 160 kwa saa. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo kwa basi hula mchana mzima na kwa treni ya zamani ilikula zaidi ya hapo, sasa ni ya saa tatu na nusu au nne hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000 mpaka Dodoma na 13,000 mpaka Morogoro. Watu wa Dar es Salaam wamekwisha kuipa jina ile yenye pua ndefu, wanaiita mchongoko.

Wapo watakaosema mchongoko ni anasa ya watu wa mjini. Sivyo. Abiria wetu akishuka basi Dodoma akapanda treni, sehemu ya mwisho ya safari yake, ile ya magari mengi na ajali nyingi, imekuwa fupi na salama. Na reli hiyo haiishii pale. Mikataba ya vipande vya Makutupora mpaka Tabora, Tabora mpaka Isaka, na Isaka mpaka Mwanza ilitiwa sahihi mwaka 2021 na 2022. Kipande cha Isaka kitakapokwisha, sisi wa Biharamulo na Ngara tutakuwa na stesheni ya umeme upande huu wa Tabora, mahali ambapo madereva wetu wa malori wanapajua kama wajuavyo viganja vyao.

Tena kuna jambo la zamani ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914. Mwaka huo huo wa 1914 wakaanza njia nyingine kutoka Tabora, ielekee Rwanda, ifike pale mto Kagera unapopinda, yaani upande huu huu wa kwetu. Hawakuitaka kwa ajili ya babu zetu. Walitaka kubeba ngozi, kahawa na watu wa kufanya kazi katika mashamba yao. Vita ikazuka, kazi ikasimama. Waingereza walipokuja wakatumia sehemu ya tuta lile kwa njia ya Mwanza, iliyokwisha 1928, nasi tukaachwa. Mwezi wa Januari 2018 Serikali yetu na ya Rwanda zilikubaliana juu ya reli mpya ya Isaka, Rusumo hadi Kigali. Mpaka tunaposema haya haijajengwa. Basi tangu 1914 hadi leo, zaidi ya miaka 110, reli ya kuja kwetu imekuwa ikichorwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana tunasema tuzungumze leo, kabla karatasi haijawa tuta la udongo. Reli ikishajengwa vibaya huwezi kuinyoosha kama kamba. Kona kali itabaki kona kali kwa miaka mia. Reli ile ya zamani ilifuata bonde la mto Mkondoa, kule Kilosa na Gulwe, kwa sababu bondeni kazi ilikuwa nyepesi. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoikata, treni za abiria zilisimama kwa miezi. Safari hii wahandisi wametoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki na kuinua njia juu ya madaraja. Ni ghali, lakini treni hupita pale bila kupunguza mwendo.

Hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani treni huwa ya haraka kwa kuwa na injini kubwa inayokimbia sana. Sisi tulikuwa tukidhani hivyo hivyo. Lakini chukueni kalamu mfanye hesabu ya darasa la tano. Kipande cha kilometa 20, treni ikienda kilometa 20 kwa saa kwa sababu ya njia mbovu, hula saa nzima. Mkitengeneza njia ile ikaenda kilometa 40 tu kwa saa, ambayo ni kasi ya mpanda baiskeli hodari, mmeokoa nusu saa. Sasa chukueni kilometa 20 nyingine, njia nzuri, treni inakwenda 120 kwa saa. Itatumia dakika kumi. Iongezeni mpaka 160. Itatumia dakika saba na nusu. Pamoja na gharama zote hizo, mmeokoa dakika mbili na nusu. Mnaona? Anayetaka safari fupi aanze kwa kuondoa mahali pa polepole: kona kali, madaraja dhaifu, makutano ya barabara, kungojana stesheni, kusimama ovyo. Hapo ndipo saa zetu zinapoibwa.

Wajapani walilijua jambo hili. Tarehe 1 Oktoba 1964 walifungua njia mpya ya Tokyo hadi Osaka, na safari iliyokuwa ya saa sita na nusu ikawa ya saa nne. Hawakuchukua reli ya zamani na kuitia injini kali. Walijenga njia pweke, isiyokatana na barabara hata mahali pamoja, yenye kona pana, na mota wakazigawa chini ya mabehewa, ili uzito usikae mahali pamoja ukabomoa reli. Mchongoko wetu, uliotengenezwa Korea Kusini, nao una mota chini ya mabehewa kwa namna hiyo.

Na nguvu inayoliwa je? Mwalimu hapendi kusema bila mfano, basi tutatumia baiskeli ya ndizi. Kila mmoja wenu amewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu mitatu huku tairi halina upepo. Jasho lote lile linakwenda wapi? Linakwenda katika kuliminya tairi. Ukijaza upepo, mzigo ni ule ule lakini mkono unapumzika. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni zaidi ya tairi lililojaa upepo: haliminyiki karibu hata kidogo. Kwa sababu hiyo treni huweza kubeba mamia ya watu kwa nguvu ndogo kwa kila mtu kuliko basi, sembuse gari dogo lenye mtu mmoja na kiyoyozi.

Kisha kuna umeme wenyewe. Injini ya dizeli, hata iwe nzuri namna gani, hugeuza chini ya nusu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto na moshi. Mota ya umeme hugeuza kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Mtu atatuuliza, "Na umeme ule hautoki kwenye mafuta?" Swali zuri. Kama ungetoka kwenye majenereta ya dizeli, faida yake ingekuwa ndogo sana, nasi tungenyamaza. Lakini umeme wa nchi yetu hutoka zaidi katika maji na gesi yetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Na hapa kwetu, pale Rusumo, maporomoko ya Kagera yanatoa megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Nguzo zile kubwa mnazoziona zikitoka Rusumo kwenda Nyakanazi ndizo zinazobeba umeme huo. Dizeli twanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, inafika Dar es Salaam kwa meli, kisha inapandishwa kwa malori mpaka huku. Maji ya Kagera hatuyanunui kwa mtu.

Jirani zetu wa Kenya walifungua reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Ni kazi kubwa, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa tano hivi. Lakini ilifunguliwa kwa injini za dizeli, na treni ya abiria mwisho wake ni kilometa 120 kwa saa. Wahabeshi nao, waliofungua njia ya Addis Ababa hadi Djibouti mwaka 2016, walianza na umeme. Hatusemi haya ili kumcheka jirani. Kila mtu alihesabu fedha zake. Twataka tu, siku reli ya Isaka na Rusumo itakapokuwa mezani, asije mtu akasema, "Hawa wa mpakani wapeni dizeli kwanza, umeme watapata baadaye." Umeme unapita juu ya vichwa vyetu tayari.

Sasa linakuja neno la pili.

Tangu habari ya reli hii ianze kusemwa, tumekuwa tukipokea maombi. Kata hii inataka stesheni. Kata ile inataka stesheni. Kuna kijiji, hatutakitaja, kilichokwisha tenga eneo na kuandika ubao. Na hapa Nyabusozi, tusifichane, kuna wazee waliokuja kwetu usiku kutuambia tukienda wilayani tusirudi bila ahadi ya stesheni. Tumefikiri sana, na jibu letu ni hili: hatutaiomba.

Subirini. Zomeeni, kisha msikilize hesabu.

Treni ya abiria yenye uzito wa tani 300, ikiwa katika mwendo wa kilometa 160 kwa saa, imebeba ndani ya mwendo wake nguvu ya kiasi cha yuniti 82 za umeme. Tumeipiga hesabu hiyo sisi wenyewe kwa kanuni ya fizikia iliyo katika kitabu cha sekondari, na mwalimu yeyote hapa anaweza kutusahihisha. Mteja mdogo wa Tanesco, yule wa bei nafuu, kikomo chake kwa mwezi ni yuniti 75. Maana yake, kila treni inaposimama na kuondoka tena mpaka kufikia kasi yake, imetumia zaidi ya umeme wa nyumba hiyo kwa mwezi mmoja. Kweli, treni za umeme za siku hizi hurudisha sehemu ya nguvu hiyo zinaposhika breki. Mnajua dainamo ya taa ya baiskeli: ukiibana kwenye tairi, pedali huwa nzito. Uzito ule ndio breki, na taa ndiyo faida. Mota ya treni hufanya vivyo hivyo, hugeuka dainamo na kurudisha umeme kwenye waya. Lakini hairudishi wote.

Na muda? Kupunguza mwendo, kusimama, watu kushuka na kupanda, kuondoka na kufikia kasi tena, ni dakika nne au tano hata kama kila mtu ana adabu na hakuna anayerudi kuchukua mzigo aliousahau. Kata ishirini zikipewa stesheni ishirini, safari imeongezeka kiasi cha saa moja na nusu. Treni itakuwa imegeuka basi, tena basi lililo ghali. Kisha watu wataikimbia, viti vitabaki vitupu, na treni tupu ndiyo mbaya kuliko zote, maana inakula umeme ule ule kwa ajili ya watu watano.

Mzee wetu mmoja alitujibu kwa methali, haraka haraka haina baraka. Tunamheshimu, ni mzee wetu. Lakini tunamwomba atukubalie kwamba anayekimbizwa hapa si mkulima anayepanda shamba bila kulilima. Ni mama mwenye uvimbe tumboni aliyepewa tarehe ya kuonana na daktari, na tarehe hiyo haimngojei.

Basi tunataka nini? Twataka stesheni moja ya abiria kwa Biharamulo na moja kwa Ngara, mahali barabara zinapokutana, hata kama mahali hapo si Nyabusozi. Na stesheni hiyo iwe ya watu kweli. Hofu yetu kubwa si kukosa stesheni kijijini. Hofu yetu ni reli kujengwa kwa ajili ya makontena ya Kigali na nikeli ya Kabanga tu, treni ndefu za mizigo zikapita usiku na mchana, nasi tukabaki kuhesabu mabehewa kama watoto. Nikeli ipite, makontena yapite. Ni mali na zitalipa deni la reli. Lakini abiria aandikwe katika mpango tangu siku ya kwanza, kwa sababu treni ya abiria inayotiwa baadaye hupewa nafasi zilizobaki. Njia ya reli hii ni moja, treni hupishana kwenye stesheni zenye njia za pembeni, na anayewekwa mwisho katika ratiba ndiye anayesimamishwa pembeni ili wengine wapite.

Na kutoka vijijini hadi stesheni hiyo, twataka magari yenye saa. Hili halina haja ya kungoja reli. Hata leo, pale Dodoma, basi letu likifika nusu saa baada ya treni kuondoka, faida yote imepotea. Abiria hulala kwenye benchi akilinda mzigo wake. Ratiba mbili, ya basi na ya treni, zikikaa meza moja na kupatana, mtu wa Nyabusozi anaokoa saa nyingi bila kujengwa hata mita moja ya reli. Hakuna mhandisi anayehitajika hapo, anahitajika karani mwenye kalamu na wenye mabasi walio tayari kusikia. Tumekwisha kumwomba Katibu aandike barua.

Kuhusu ulinzi tutasema kwa kifupi, maana wafugaji walio hapa wametuelewa. Treni ya umeme haikwepi ng'ombe. Mwezi wa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilisimama njiani kwa sababu ya hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likaeleza kwamba wanyama na ndege waligusa nyaya. Ikiwa ngedere mmoja anaweza kusimamisha mamia ya watu, je mtu mwenye msumeno anayekata waya kwa ajili ya shaba? Uzio utakapowekwa ng'ombe wapewe njia za kupita chini, na hilo tulidai mapema, si baada ya uzio kukatwa.

La mwisho ni kazi, na kazi hii inaanza kesho. Wanaopanga reli huhesabu malori yapitayo Rusumo, kwa sababu malori yana karatasi. Abiria wetu hana karatasi, kwa hiyo hayumo katika hesabu, na asiyehesabiwa hapangiwi treni. Tunaliomba kila tawi liteue mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Kwa mwezi mzima aandike kila anayesafiri kutoka katika eneo lake kwenda Kahama, Tabora, Dodoma au Dar es Salaam: siku aliyoondoka, aliondoka saa ngapi, alifika saa ngapi, alilipa nauli kiasi gani, na alikwenda kwa sababu gani, hospitali, shule, biashara au msiba. Jina asiandike, hatulihitaji. Madaftari yapo kwa Katibu wa tawi, yamepigwa mistari tayari. Wasiojua kusoma waulizwe na vijana wao. Tutayakusanya madaftari hayo hapa hapa, chini ya mti huu, Jumapili ya kwanza baada ya mwezi kwisha, saa nne asubuhi, na tutayasoma kwa sauti mbele ya mkutano kabla ya kuyapeleka wilayani.